Wiki ya kwanza kilo tatu, wiki ya tano hata robo

Mwaka jana daktari alitazama karatasi yangu ya vipimo akaniambia sukari imefika mpakani, na nisipopunguza mwili nitaingia kwenye dawa kama marehemu baba. Nilikuwa na kilo 94. Jioni hiyo nikaacha sukari kwenye chai, mahamri yakashuka kutoka manne hadi moja, wali nikawa naupima kwa kikombe, na baada ya sala ya alfajiri nikaanza kutembea Mama Ngina, huku na huku chini ya mibuyu.

Wiki ya kwanza zikaondoka kilo tatu. Nikamwambia mke wangu kabla ya Idi nitavaa kanzu ya harusi, naye akacheka. Wiki ya pili kilo moja, ya tatu nusu, ya nne nusu. Ya tano mizani haikusogea hata robo. Hapo ndipo wengi wetu hurudi kwenye viazi karai tukisema mwili wangu haukubali. Mimi pia nilikaribia kurudi, mpaka nilipoelewa kwamba zile kilo tatu za mwanzo ndizo zilizonihadaa.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo tu, lakini kila gramu yake hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza wanga na sukari ghafla, mwili huichota akiba hiyo, na maji yake unayatoa chooni. Chumvi nayo ikipungua, maji mengine hufuata. Kwa hivyo katika kilo zangu tatu, mafuta hayakufika hata moja.

Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa makadirio yangu ni kama mahamri mawili na vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye sukari, itakuchukua zaidi ya wiki mbili kuimaliza. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, wala si uvivu.

Na mwendo huo nao hupungua. Mwili wa kilo 89 unatumia nguvu kidogo kuliko wa kilo 94, uwe unapanda ngazi au umelala. Juu ya hayo njaa huongezeka, na mkono huanza kuteleza: kikombe cha wali kinajaa mpaka kinafanya kilima, wewe hata hujui. Mwaka 2011 mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake walikokotoa kwamba mtu akibadili ulaji na akadumu nao, karibu nusu ya mabadiliko ya uzani hutokea ndani ya mwaka wa kwanza, na ni kama miaka mitatu kabla karibu yote hayajatimia. Miaka mitatu! Sisi tunakata tamaa wiki ya tano.

Wauzaji wa chai za kupunguza mwili wanaujua udhaifu wetu huu. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Asubuhi mizani itashuka kweli, lakini kilichotoka ni maji na choo. Ukinywa maji yanarudi, na mafuta yako pale pale. Vivyo hivyo, ukila biriani ya harusi Jumamosi na Jumapili ukakuta kilo moja imeongezeka, usilie. Hukula kalori 7,700 za ziada. Ni chumvi na maji, na baada ya siku chache yataondoka.

Kilichonizuia nisiache ni utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani kama mimi. Waliolengeshwa kupunguza asilimia 7 ya uzani na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwangu asilimia 7 ni kilo sita na nusu. Sikuhitaji kuwa mwembamba.

Sasa napima mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi kabla ya chai, mizani ile ile. Uzani ukisimama mwezi mzima, naangalia kikombe cha wali kwanza. Lakini wewe unayetumia insulini au vidonge vya sukari, zungumza na daktari kabla hujapunguza chakula, maana dawa ile ile inaweza kukushusha sukari ukaanguka. Na anayekonda bila kujaribu, huku akinywa maji sana na kwenda haja kila mara, asishangilie, aende akapimwe.

Leo nina kilo 86. Imenichukua miezi kumi na moja, sukari imerudi chini ya mpaka, na kanzu ya harusi bado inanibana tumboni.