Mbwa Katika Sehemu za Kazi za Chama

Katika nchi za Ulaya na Marekani, waajiri wengi siku hizi hujadili kama mfanyakazi aruhusiwe kufuatana na mbwa wake ofisini. Kwa mfugaji wa Ololosokwan, katika tarafa ya Loliondo, swali hilo huja likiwa limegeuka, kwani mbwa kwake ni mwenzake wa kazi. Asubuhi layoni atokapo na kondoo na mbuzi, mbwa yumo msafarani. Usiku fisi au chui anyemeleapo boma, wa kwanza kutoa habari ni mbwa. Kijiji hicho kinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na asiye na mbwa hapo hulala usingizi wa mang'amung'amu.

Kwa sababu hiyo hakuna chama cha wafugaji kinachoweza kupitisha azimio la kumkataza mbwa kazini kikaheshimiwa na wanachama wake. Jambo linalohitaji kuamuliwa ni dogo zaidi, nalo ni sehemu zile ambazo ni mali ya wote: josho, banda la kupokelea maziwa, ghala la ngozi, uwanja wa mnada na, kuliko zote, karo la kuchinjia. Mbwa haujui mpaka wa sehemu hizo. Humfuata bwana wake hadi mlangoni, na asikiapo harufu ya damu hutangulia.

Yafaa wanachama waelewe kinachotendeka pale karoni, maana ndipo hasara inapozaliwa. Wafugaji wa Kimaasai wanaujua vema ugonjwa wauitao ormilo. Kondoo au mbuzi hujitenga na wenzake, huinamisha kichwa upande, huzunguka mahali pamoja, kisha hushindwa kula, hukonda na kufa. Kwa ng'ombe, kizunguzungu cha namna hiyo huweza kuletwa na kupe, na josho likasaidia. Kwa kondoo na mbuzi josho halifui dafu. Watafiti waliopasua vichwa vya wanyama wagonjwa katika jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania walikuta ndani ya ubongo vifuko vilivyojaa maji. Vifuko hivyo ni watoto wa tegu, na tegu mzazi makao yake ni utumbo wa mbwa.

Safari yake ni hivi. Mbwa mwenye tegu hutoa mayai pamoja na kinyesi, yakatapakaa majanini. Kondoo huyala akichunga. Mtoto wa tegu huanguliwa tumboni, akachukuliwa na damu hadi ubongoni, akakua humo. Mwenye mali aonapo mnyama ameanza kuzunguka, humchinja mapema ili nyama isipotee, uamuzi ambao hakuna wa kuulaumu. Lakini kichwa hutupiwa mbwa. Mbwa hula ubongo pamoja na vifuko vyake, na baada ya wiki chache anatoa mayai mapya katika malisho yale yale. Hivyo mfugaji humlisha mbwa wake hasara ya msimu ujao.

Yuko tegu wa pili, mwenye urefu wa milimita chache tu, ambaye vifuko vyake hukaa katika ini na mapafu ya mifugo. Huyu hata binadamu hamwachi. Mayai yake yakiingia kinywani, kwa mikono isiyonawiwa au kwa maji, kifuko hukua kimya kwa miaka hadi tumbo livimbe na mgonjwa ahitaji kupasuliwa. Waturkana wa Kenya wamekuwa miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo kwao. Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania walipopimwa katika miaka ya 1980, nao walikutwa nao.

Iko nchi iliyokwisha kuutokomeza. Iceland, kisiwa cha wafugaji wa kondoo ambao nao hawakuweza kuishi bila mbwa, iliusumbukia ugonjwa huu kwa vizazi vingi. Mwaka 1864 kijitabu cha kueleza habari za tegu na mbwa kiligawiwa bure nyumba kwa nyumba, na watu wakajifunza kutomwachia mbwa viungo vibovu. Mbwa wao walibaki kazini.

Hapa ndipo vyama vingi hukosea utaratibu. Huandika katibu ubao wa kuzuia mbwa, akawekwa kijana wa kuwafukuza kwa mawe, na huku ini bovu limetupwa nyuma ya ukuta. Kazi hiyo ni bure. Kitangulie shimo refu lenye mfuniko, au tanuri la kuchomea. Kisha uzio wa karo. Kisha ndipo ubao. Kichwa cha mnyama mwenye ormilo kizikwe au kichomwe. Na wale waendao orpul porini, ambako hakuna karo wala uzio, hawana budi kufanya vivyo hivyo kwa jembe.

Kichaa cha mbwa ni jambo jingine, nalo hulazimisha tahadhari mnadani na kwenye mizani ambako watu na mbwa wageni husongamana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vya binadamu wapatao 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania. Dalili zikishaonekana, mgonjwa haponi isipokuwa kwa nadra mno. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mkutano Mkuu ukitaka, unaweza kuagiza kwamba mbwa asiye na cheti cha chanjo asikanyage mnadani, na bwana mifugo akaalikwa kuchanja siku ya mnada wenyewe, wenye mbwa wakiwa wamekwisha kukusanyika.

Amebaki mbwa mlinzi wa ghala la ngozi, ambaye hana bwana wa kumjibia. Akae ndani ya uzio, alishwe chakula kilichopikwa na kamwe si mabaki ya karoni, aandikwe katika daftari la mali ya chama, na gharama ya chanjo na dawa yake ya minyoo ionekane katika makisio ya mwaka pamoja na ile ya kufuli na mafuta ya taa.