Nyumba Ambayo Babu Hakuruhusiwa Kununua

Wewe na mwenzio mna kazi, mna akiba kidogo benki, na kila mkikaa mezani mazungumzo yanaishia kwenye kiwanja. Tujenge wapi? Tukope au tusubiri? Sasa fikiria unafika benki na vielelezo vyako vyote, mshahara unatosha, halafu unaambiwa hapana kwa sababu ya mtaa unaoishi. Na mtaa huo hukuuchagua, ulisukumiwa.

Ndivyo ilivyokuwa Evanston, Illinois, mji wa watu wasiofika 80,000 kwenye ufukwe wa Ziwa Michigan, jirani kabisa na Chicago. Ukiuona kwenye picha utaupenda: miti mikubwa, majumba ya kifahari, na Chuo Kikuu cha Northwestern kilichoanzishwa mwaka 1851. Wenyewe wanajisifu kuwa ni watu wa msimamo wa kisasa, wasio na ubaguzi.

Lakini wanafunzi weusi wa Northwestern hawakuruhusiwa kulala mabwenini hadi mwaka 1947. Mwaka 1914 daktari mweusi Isabella Garnett na mumewe, Arthur Butler, walilazimika kufungua hospitali yao, maana wagonjwa weusi walikuwa wanakataliwa kwingine. Tangu miaka ya 1920 familia nyeusi zilibanwa upande wa magharibi, karibu na mfereji. Kuna hata nyumba zilizong'olewa mahali pake na kuburutwa hadi upande huo! Miaka ya 1930 serikali kuu ikachora ramani za kuonyesha mitaa salama kwa mikopo. Magharibi ikapakwa rangi nyekundu, yaani hatari, na benki zikaogopa. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa makazi ilikuja mwaka 1968, baada ya kizazi kizima kukosa nafasi.

Kwa wanandoa jambo hili si historia tu, bwana. Familia nyingi za Marekani zinajenga utajiri kupitia nyumba. Baba ananunua, bei inapanda, mtoto anasomeshwa kwa thamani ya nyumba hiyo, naye anapooa anapewa cha kuanzia. Ukikata mnyororo kwa babu, mjukuu naye anaanza na sifuri. Takwimu za benki kuu ya nchi hiyo za mwaka 2022 zilionyesha familia ya kizungu ya kati ina mali ya dola 285,000, nyeusi dola 44,900. Na Evanston kwenyewe, mtu wa mtaa wa weusi anakadiriwa kuishi takriban miaka 13 pungufu ya mwenzake wa mtaa wa matajiri. Mji mmoja huohuo!

Hata shule iliondoka. Mwaka 1967 shule ya mtaa, Foster, iliacha kuwa ya watoto wa hapo. Eti ili kuchanganya rangi! Waliopandishwa mabasi kwenda mbali ni watoto weusi. Bodi iliamua kuwajengea nyingine mwaka 2022.

Mwaka 2019, kwa msukumo wa diwani Robin Rue Simmons, baraza liliahidi dola milioni 10 za fidia, kutoka kodi ya bangi iliyohalalishwa Illinois mwaka 2020. Chaguo hilo lina mantiki yake, kwani weusi walikuwa wachache mjini lakini wengi kwenye orodha ya waliokamatwa kwa bangi. Machi 2021 mpango ukapita kwa kura 8 dhidi ya 1. Dola 25,000 kwa weusi walioishi hapo kati ya 1919 na 1969, au wazao wao, kwa kununua nyumba, kukarabati au kulipa mkopo. Aliyepinga, Cicely Fleming, naye ni mweusi. Alisema hiyo ni ruzuku ya nyumba tu, fidia ya kweli ingewaachia watu waamue wenyewe. Kwa maoni yangu alikuwa na hoja: mpangaji mzee asiye na nyumba angezifanyia nini? Mwaka 2023 baraza likakubali kutoa pesa taslimu.

Majina 16 ya kwanza yalipatikana kwa bahati nasibu Januari 2022. Mei 2024 kesi ikafunguliwa mahakamani Chicago, walalamikaji wakidai kwamba mpango wenyewe ndio unaobagua rangi. Na weusi, waliokuwa zaidi ya asilimia 20 ya mji mwaka 2000, wamepungua hadi kama 16, maana nyumba zimekuwa ghali mno. Baadhi ya wazee waliofuzu wamefariki wakisubiri zamu yao.