MOYO UNAKWENDA MBIO? TAZAMA NA SHINGO YAKO



Kwa mtu aliyekimbia vita, moyo ukidunda usiku na usingizi ukikosekana, majirani husema: "Ni mawazo tu." Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wakazi wa Karusandara, Kasese na Bwera wanapaswa kuijua: tezi ya shingo.

Tezi hii hufanya kazi gani?

Iko mbele ya koo, nayo hutumia iodini kutengeneza homoni. Ubongo huisimamia, na homoni zake huathiri kasi ya moyo na ya ubongo wenyewe. Katika nchi za milima kama Rwenzori, mvua huosha iodini kwenye udongo. Tezi ikikosa iodini huvimba, ikawa rovu, ambalo wengi huliita goita.

Homoni zikizidi: moyo hupiga hata zaidi ya mara 100 kwa dakika ukiwa umetulia, mikono hutetemeka, unakonda ingawa unakula, huna utulivu. Namba ya juu ya presha hupanda. Mapigo yakikosa mpangilio, damu huweza kuganda moyoni, ikaenda ubongoni na kuleta kiharusi.

Homoni zikipungua: moyo huenda polepole, unahisi baridi, unasahau, unakosa furaha. Mishipa ya damu hukaza na namba ya chini ya presha huweza kupanda.

Na chumvi je?

Mwaka 1996 madaktari waliripoti kutoka Kivu, ng'ambo ya mpaka, kwamba watu wengine walipata homoni nyingi kupita kiasi baada ya chumvi yenye iodini kufika kwao. Walio hatarini zaidi ni wazee wenye rovu la miaka mingi. Je, tuiache chumvi hiyo? Hapana. Mtoto aliye tumboni huihitaji iodini ili ubongo wake ukue vizuri. Chumvi ghafi, kama ile inayochotwa ziwani Katwe, haijaongezwa iodini. Mwenye presha atumie chumvi kidogo, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, lakini iwe yenye iodini.

Fanya hivi:

1. Kaa, tulia, kisha hesabu mapigo ya mkono kwa dakika nzima.
2. Ukipimwa presha, mwonyeshe mhudumu wa afya shingo yako na umweleze dalili zote.
3. Uliza kuhusu kipimo cha damu cha homoni za tezi. Kama hakipo kituoni, omba rufaa ya hospitali.
4. Usiache dawa za presha bila ushauri.
5. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, kifua kikiuma au pumzi ikikata, nenda hospitali mara moja.

Mawazo yana tiba yake, na tezi ina dawa yake. Usikubali kuambiwa "ni mawazo" kabla hujapimwa.