Mteremko Mmoja, Wahitaji Wawili

Mhandisi wa bwawa la umeme na mtu anayeshuka mto kwa mtumbwi wa mpira wanatafuta kitu kilekile: mteremko. Umeme hutegemea wingi wa maji na kimo yanachoanguka; maji ya kasi nayo hutokea pale mto mkubwa unaposhuka ghafla kati ya miamba. Ndiyo maana hugombana, na Kanyabayonga, mji wa Kivu Kaskazini, Kongo, ulio juu ya ukingo unaoporomoka hadi bonde la Rwindi, una sababu ya kuufuatilia ugomvi huo. Maoni yangu ni kwamba kudhibitiwa hakuuharibu mto kwa wapiga makasia. Kinachouharibu ni ziwa linalotanda nyuma ya ukuta.

Tazama Jinja, Uganda. Mto Naili unapotoka Ziwa Victoria umepita kwenye bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, tangu 1954. Biashara ya mitumbwi ya mpira ilipoanza huko katika miaka ya 1990, mto ulikuwa umeshadhibitiwa zaidi ya miaka arobaini, na watalii walifurika, kwa kuwa ziwa huupa mto maji mengi kiangazi na masika. Hasara ilikuja na bwawa la Bujagali, megawati 250, lililokamilika 2012: maporomoko ya Bujagali yenyewe yalizama, na safari zikahamia chini ya ukuta. Huko maji bado ni makali, ila wingi wake sasa hufuata saa za mitambo. Ili kufidia, Uganda ilikuwa imeiahidi Benki ya Dunia kwa mkataba kwamba maporomoko ya Kalagala yatahifadhiwa, yasitumiwe kwa umeme. Kisha likajengwa Isimba, megawati 183, lililozinduliwa 2019. Ukuta wake uko mbali chini ya Kalagala, lakini maji yake yalirudi nyuma hadi ndani ya eneo la hifadhi. Kutaja jina la mahali kwenye mkataba bila kuubana mkataba huo kwa kimo cha maji ni kuacha mlango wazi.

Atasema mtu: mji wa Butembo, kaskazini ya Kanyabayonga, unahitaji taa, si michezo ya Wazungu. Kweli, nami sina neno juu ya taa. Lakini bwawa laweza kuwa na kazi mbili: huko Marekani, bwawa la Summersville huufungulia Mto Gauley maji kila msimu wa vuli kwa ajili ya mitumbwi, kwa sheria ya 1986, na bado linazuia mafuriko kama lilivyokusudiwa. Mwingine atasema vita kwanza viishe, maana Kanyabayonga ilitekwa na waasi wa M23 Juni 2024, na mtalii gani atakuja? Hakuna, kwa sasa. Ila umeme hausubiri amani: katika mkoa huohuo kituo cha umeme cha Matebe, Rutshuru, kilianza kazi 2015, kikafuatwa na Luviro huko Lubero. Vituo vya aina hii huchepusha maji kwa mfereji, na kipande cha mto kilichorukwa huweza kubaki na maji machache. Mvuvi na mama anayefua hapo wanahitaji kujua saa za maji kuliko mtalii yeyote.

Kwa hiyo, mradi mwingine ukiletwa, machifu na vyama vya raia wadai maandishi kabla ya saini: ziwa litafika kimo gani, maji kiasi gani yatabaki mtoni, na yatafunguliwa saa ngapi.