MFUKO WA HAJA UKIISHA NA PESA HAKUNA, TUFANYE NINI?



Katika toleo hili tunazungumza juu ya watu ambao hatuwaoni sana kwenye mikutano yetu ya afya hapa Nakivale. Ni wale waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na sasa haja kubwa inatokea kwenye tundu lililofunguliwa tumboni badala ya njia ya kawaida. Tundu hilo waganga huliita stoma. Kidonda cha upasuaji hupona baada ya muda. Linalobaki kila siku ni swali la mfuko wa kupokelea haja: utapatikana wapi, na kwa pesa gani?

Nani huwekewa stoma?

Watu wengi wanadhani ni ugonjwa wa aibu au ni uchawi. Si kweli. Sababu zake zinajulikana.

Wako watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya watoto 5,000 hivi wanaozaliwa, katika nchi zote za dunia, tajiri na maskini. Wako watu wazima waliopigwa risasi au kuchomwa kisu tumboni. Wako waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo (taifodi) iliyocheleweshwa matibabu. Wako ambao utumbo ulijisokota na sehemu yake ikaoza. Na wako wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana.

Stoma ziko za aina mbili ambazo tunapaswa kuzitofautisha. Ya utumbo mpana inaitwa kolostomi, na mara nyingi haja yake ni nzito kidogo. Ya utumbo mwembamba inaitwa ileostomi. Haja yake ni majimaji, inatoka mara nyingi, na inachoma ngozi kwa sababu ina dawa za tumbo za kusaga chakula. Shikeni tofauti hiyo, tutarudi kwayo.

Barua ya rufaa inaishia wapi?

Mkimbizi wa kambini hana kadi ya bima. Bima yake ni barua ya rufaa. Kituo cha afya kikishindwa, mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Nchini Uganda serikali iliondoa malipo katika hospitali za umma mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kupata huduma za msingi.

Lakini huduma ya bure haina maana kwamba kila kitu kipo. Stoo ya hospitali inaweza kuwa na dawa na nyuzi za kushonea, na mifuko ya stoma isiwepo. Mgonjwa hupewa mmoja au miwili siku ya kutoka, kisha anaandikiwa akanunue. Pesa za rufaa nazo zina mpaka, kwa hiyo upasuaji wa kuokoa maisha hutangulia na vifaa vya kutumia nyumbani hubaki nyuma. Halafu mwezi Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilikata msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Familia iliyokuwa ikiuza kilo mbili tatu za mahindi ili inunue mfuko, sasa haina cha kuuza.

Piga hesabu kwa siku, usipige kwa mfuko

Mtu anapofika duka la dawa mjini huuliza: mfuko ni bei gani? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni: mfuko huu utakaa siku ngapi?

Mfuko ambao haufunguki chini hutupwa ukijaa. Mtu anaweza kumaliza miwili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Mfuko unaofunguka chini na kufungwa kwa kibanio humwagwa chooni na kubaki tumboni. Ukibandikwa vizuri unakaa siku 3 hivi, yaani mifuko 10 kwa mwezi. Basi hata kama wa kufunguka unauzwa bei mara mbili, bado ni nafuu kuliko ule mwingine. Ukiwa na ileostomi, usikubali kabisa kununua usiofunguka.

Iko pia mifuko ya vipande viwili. Kibandiko kinabaki kwenye ngozi, na mfuko unachomolewa. Huo unaweza kuoshwa kwa maji na sabuni, ukaanikwa kivulini, ukarudishwa. Mwenye mifuko miwili ya aina hiyo hubadilisha, mmoja umevaliwa na mwingine unakauka. Ila kibandiko chenyewe kikishabanduliwa hakirudishwi.

Yako mambo yanayoua mfuko mapema, nayo yanaweza kuzuiliwa:

1. Tundu la kibandiko kukatwa vibaya. Likate lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa, haja inaingia chini, inachoma ngozi, na kibandiko kinabanduka siku hiyohiyo. Stoma hupungua ukubwa katika wiki 6 hadi 8 za kwanza, kwa hiyo ipime tena, na usinunue mifuko mingi iliyokwisha kukatwa kiwandani wakati huo.

2. Ngozi yenye mafuta au unyevu. Osha kwa maji safi tu, kausha kwa kitambaa laini. Usipake vaselini, losheni wala spiriti mahali pa kubandika. Pasha kibandiko joto kwa viganja vya mikono kabla ya kukiweka, kisha kikandamize dakika chache.

3. Kuacha mfuko ujae. Umwage ukifika theluthi moja au nusu. Ukijaa, uzito wake unaubandua.

4. Joto. Chini ya bati au hema gundi inaharibika. Hifadhi mifuko mahali pa baridi, karibu na mtungi wa maji kwa mfano, lakini pakavu. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kununua.

Mfuko ukiisha kabisa

Kwa watoto wachanga na kwa watu wazima wenye kolostomi ambayo haja yake ni nzito, kitambaa kinaweza kufanya kazi. Mama wengi wa Uganda hutumia njia hii. Chukua vitambaa vya pamba, vile vya fulana iliyochakaa ni vizuri. Osha ngozi, ikauke, kisha paka vaselini au krimu ya zinki kuzunguka stoma. Hapa vaselini inaruhusiwa kwa sababu hakuna cha kubandika. Weka kitambaa kilichokunjwa juu ya stoma, funga kwa kipande cha kitenge bila kukaza. Kwa mtoto, pampasi au nepi hufungwa juu kidogo ili ifunike stoma. Badilisha kila kinapochafuka, usiku pia. Fua kwa sabuni na maji mengi, anika juani.

Wako wanaofunga kavera tumboni kwa kamba au mpira. Ni hatari. Kamba inakata stoma, na kwa kuwa stoma yenyewe haina maumivu, mtu hatambui mpaka imeumia. Gundi ya viatu na ile ya kukauka upesi zisitumike kabisa, zinatoa ngozi.

Ipo njia nyingine ya kuosha utumbo kwa maji ya vuguvugu kupitia stoma, ili mtu akae siku nzima bila haja kutoka. Inafaa baadhi ya watu wazima wenye kolostomi ya upande wa kushoto. Haifai ileostomi wala watoto. Usijaribu nyumbani kabla ya kufundishwa na muuguzi wa hospitali.

Nani apewe kwanza?

Mara nyingine kituo kinapata boksi moja la mifuko na wahitaji ni wengi. Kugawa sawasawa kunaonekana ni haki, lakini fikirini. Mwenye kolostomi anaweza kuvumilia wiki mbili na vitambaa. Mwenye ileostomi hawezi. Ndani ya siku chache ngozi yake inakuwa kidonda, na kidonda hakishiki kibandiko tena. Ndiyo sababu tunasema wenye ileostomi watangulie. Tunaomba wengine wasione kuwa ni upendeleo.

Watu hao pia hupoteza maji na chumvi nyingi. Wanywe ORS haja inapozidi. Kama pakiti hakuna, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Wasizidishe chumvi. Mahindi mazima, karanga na nyama ngumu vinaweza kuziba stoma ya ileostomi. Watafune sana, au wale ugali, wali, ndizi na viazi.

Tuombe kwa orodha moja

Mtu mmoja akienda kituoni na kulalamika, anajibiwa kwamba mifuko hakuna. Watu wote wenye shida hiyo wakiandikwa kwenye orodha moja, inakuwa hesabu ambayo kituo kinaweza kuipeleka hospitali au kwa shirika. Orodha iwe na aina ya stoma, kipimo chake kwa milimita, aina ya mfuko, na idadi ya mwezi. Majina yabaki kituoni. Si habari ya kusomwa mbele ya watu.

Misaada ya namna hiyo ipo duniani. Shirika la Friends of Ostomates Worldwide-USA hukusanya vifaa vya stoma visivyotumika huko Marekani na kuvituma nchi nyingine. Jirani zetu Kenya wana chama cha watu wenye stoma, Stoma World Kenya. Dunia nayo inawakumbuka watu hawa: Siku ya Stoma Duniani ilianza mwaka 1993 na huadhimishwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Oktoba. Hospitali au kituo kikiandika barua yenye hesabu kamili, kinasikilizwa kuliko mtu mmoja mmoja.

Na jambo dogo lililo mikononi mwetu: mtu akishafungwa stoma, au mgonjwa akifariki, mifuko iliyobaki ambayo haijafunguliwa irudishwe kituoni. Isitupwe wala isiuzwe.

Usisahau tarehe ya kufunga

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote. Stoma nyingi si za maisha. Aliyepigwa risasi au aliyejisokota utumbo mara nyingi hurudishwa hospitali baada ya miezi michache na kufungwa. Mtoto aliyezaliwa bila njia hupasuliwa kwa hatua tatu: stoma kwanza, kisha kutengenezewa njia, kisha stoma kufungwa. Wengine, hasa wa kansa ya chini kabisa ya utumbo, hubaki nayo daima, na waganga huwaambia.

Kinachotuumiza ni wale ambao wangefungwa lakini hawakurudi. Nauli haikupatikana, au karatasi ilipotea, au mzazi alifikiri kwamba matibabu yamekwisha kwa sababu mtoto anakula na kucheza. Mtoto anafika umri wa shule na kitambaa tumboni, wenzake wanamcheka kwa harufu, na anabaki nyumbani. Familia imenunua mifuko kwa miaka, pesa ambazo nauli ya safari moja isingezifikia.

Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitali uliza mambo manne, na uombe yaandikwe:

- Stoma hii ni ya utumbo mpana au mwembamba?
- Kipimo chake ni milimita ngapi, na mfuko wake ni wa aina gani?
- Je, ni ya muda au ya maisha?
- Kama ni ya muda, nirudi lini, na kwa nani?

Karatasi hiyo ipige picha kwa simu ya jirani kama wewe huna. Mwezi mmoja kabla ya tarehe, ilete kituoni ili barua mpya ya rufaa na usafiri viombwe mapema. Kama tarehe ilishapita, hata ikiwa ni miaka miwili, njoo vilevile. Hakuna atakayekugombeza, na mara nyingi bado inawezekana kufungwa.

Usingoje, nenda kituoni siku hiyohiyo ukiona:

- stoma imekuwa nyeusi, ya zambarau au imepauka (yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu);
- haitoi kitu, na tumbo linauma au mgonjwa anatapika;
- damu haikomi (damu kidogo wakati wa kuosha ni kawaida);
- utumbo umetokeza nje kuliko kawaida;
- mtoto amelegea, macho yameingia ndani, au hakojoi.

Wahudumu wa afya wa jamii tunapita nyumba kwa nyumba. Ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, mwambie mhudumu wa mtaa wako, hata kwa pembeni. Hatutatangaza. Tutaandika kipimo na tarehe, na tutafuatilia pamoja.