DESTURI ZA KULALA: ZIPI NI HIARI NA ZIPI NI HATARI

Mtu alalaye muda wa saa 8 kila usiku, afikapo umri wa miaka 60, huwa amekwisha kulala miaka 20 kamili. Ni mambo machache yamchukuayo binadamu muda mrefu kama huo. Hata hivyo ni watu wachache wakaao wakafikiri jinsi wanavyolala. Kila mtu hufuata desturi aliyoikuta kwao. Mmoja hapati usingizi bila mto, na mwingine huuona mto kuwa ni mzigo wa shingo. Huyu hupenda godoro la sufi, na yule hupenda mkeka juu ya kitanda cha kamba. Wako wajifunikao gubigubi, na wako waachao miguu nje ya blanketi hata wakati wa baridi.

Desturi za namna hiyo ni hiari ya mtu, wala hazina ubaya kwa mtu mzima mwenye afya. Lakini ziko desturi nyingine, zilizochanganyika na hizi, ambazo huharibu usingizi, na chache ambazo huua. Yafaa kila mwenye nyumba ajue kuzitenga.

USINGIZI NI KAZI YA MWILI

Zamani watu wengi walidhani kwamba mtu aliyelala ni kama taa iliyozimwa. Sivyo hata kidogo. Katika mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba ziko nyakati za usiku ambapo macho ya mtu aliyelala huenda huku na huku kwa haraka chini ya kope. Watu walioamshwa wakati huo mara nyingi waliweza kusimulia ndoto walizokuwa wakiota. Tokea hapo imefahamika kwamba usingizi huenda kwa mizunguko. Kwanza huja usingizi mwepesi, kisha mzito, kisha ule wa ndoto. Na mzunguko mmoja huchukua dakika 90 hivi.

Kila sehemu ina kazi yake. Katika usingizi mzito mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni ya kukua. Tena, wakati wa kulala, ubongo huyapanga na kuyaimarisha mambo yaliyosomwa mchana. Basi mtoto anyimwaye usingizi hapunguziwi starehe tu, bali hupunguziwa hata masomo ambayo wazazi wake wameyalipia.

Madaktari hushauri kwamba mtu mzima asipate chini ya muda wa saa 7 za usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Na mdogo wa miaka 3 hadi 5 ahitaji saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wake wa mchana. Hesabu hii ni rahisi kuifanya. Mtoto wa miaka 10 aamshwaye saa 11 alfajiri ili awahi shuleni, lazima awe amekwisha kulala saa 2 usiku. Akiachwa akae na wakubwa mpaka saa 4, atakuwa amepata saa 7 tu, na mwalimu ndiye atakayemwona akisinzia.

SAA ILIYO NDANI YA MWILI

Mwili una kitu kilicho kama saa, kinachoujulisha wakati wa kulala na wa kuamka. Katika mwaka 1938 Kleitman na mwenzake kijana, Bruce Richardson, walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth, katika jimbo la Kentucky, mahali pasipofika jua. Walijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28 badala ya 24. Kijana alizoea, lakini joto la mwili wa Kleitman liliendelea kupanda na kushuka kwa kadiri ya saa 24, kana kwamba yuko juu ya ardhi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Walikuwa wameichunguza katika inzi wadogo wa matunda.

Kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni nuru iingiayo machoni. Giza liingiapo, tezi ndogo iliyo katika ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo huutangazia mwili kwamba usiku umefika. Nuru kali huizuia. Watu wa Afrika ya Mashariki wana bahati katika jambo hili, kwa sababu karibu na Ikweta jua huchwa karibu wakati uleule mwaka mzima, na hata hesabu ya saa za Kiswahili hufuata kuchwa na kuchomoza kwake. Lakini bahati hiyo hupotezwa na mtu alalaye huku taa kali inawaka juu yake, au aendaye kitandani na simu ya mkononi akaiangalia mpaka usiku wa manane. Nuru humwambia kwamba bado ni mchana, na habari anazozisoma huuchochea moyo wake.

Wengine husema kwamba wazee wa zamani walilala mara tu jua lilipokuchwa, na kwamba kila mtu angefaa kufanya vivyo hivyo. Katika mwaka 2015 wataalamu walitangaza habari za usingizi wa watu wasiotumia umeme, nao ni Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Ilionekana kwamba kwa wastani watu hao hulala zaidi ya muda wa saa 3 baada ya jua kuchwa, wakati usiku unapozidi kupoa, na mara nyingi huamka kabla ya jua kuchomoza. Kwa hiyo si lazima kulala mapema kama kuku. Lililo muhimu ni kuwa na saa maalum, giza na ubaridi wa kadiri, na kuamka wakati uleule kila siku, hata siku ya mapumziko.

YAHARIBUYO USINGIZI

Chai na kahawa zina kafeini, nayo hufukuza usingizi. Kwa watu wazima wengi, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya muda wa saa 5 hivi. Basi mtu anywaye kikombe cha chai iliyokolea saa 2 usiku, ifikapo saa 7 bado ana nusu yake, naye hugeuka-geuka akiulaumu mto. Asiyepata usingizi vizuri na aache chai tangu alasiri, anywe maji au uji mwepesi.

Pombe ina udanganyifu wake. Ni kweli kwamba humlaza mtu haraka, lakini huuvunja usingizi wake katika nusu ya pili ya usiku, na humzidishia kukoroma. Mlevi huamka akiwa amechoka, hata kama alilala muda mrefu.

Kunguni nao ni adui wa usingizi. Hukaa katika nyufa za kitanda, mishono ya godoro na mipasuko ya ukuta. Kuanika godoro juani ni vizuri, lakini peke yake hakutoshi. Shuka na nguo zichemshwe, maji yanayochemka yamiminwe katika nyufa za kitanda, na mashimo ya ukuta yazibwe. Na kazi hiyo irudiwe, kwa kuwa mayai huweza kubaki. Haifai kabisa kumwaga petroli wala mafuta ya taa kitandani, maana cheche moja ya moto yatosha kuteketeza nyumba na waliomo.

DESTURI ZINAZOUA

Desturi ya kwanza ya hatari ni kulala na jiko la makaa ndani ya nyumba. Katika sehemu za baridi, kama Limuru na Nyandarua, hasa mwezi wa Juni hadi Agosti, watu huingiza jiko ndani, hufunga mlango na madirisha, kisha hulala. Makaa yawakayo hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, isiyo na rangi, wala harufu, wala ladha. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa haiwezi tena kuchukua hewa ya uhai. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu humlegea. Aliyelala huweza asihisi lolote, wala asiamke.

Watu wengi husema, “Makaa haya yamekwisha kuiva, hayana moshi.” Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kinachoua si moshi uonekanao. Kuyafunika kwa majivu hakusaidii, wala kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, tena liwekwe mbali na mlango na dirisha. Kwa baridi mtu atumie blanketi ya pili, soksi, au chupa ya maji ya moto iliyozibwa vyema na kuviringishwa kwa kitambaa. Ikiwa mtu amepatikana amezidiwa, milango ifunguliwe mara moja, atolewe nje penye hewa safi, na apelekwe hospitali bila kukawia.

Desturi ya pili ni kulala bila chandarua mahali penye malaria. Mbu aina ya Anofelesi, aenezaye ugonjwa huo, huuma hasa usiku, na mara nyingi ni saa ambazo watu wamo katika usingizi. Katika miaka ya 1993 hadi 1995, huko Kilifi katika Pwani ya Kenya, wataalamu waligawa vyandarua vyenye dawa katika baadhi ya vijiji, na kuvilinganisha na vijiji vingine visivyogawiwa. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja. Vyandarua hivyo havikumponya aliyekwisha kuugua. Kazi yake ilikuwa kumzuia mbu tu. Wako wakataao chandarua kwa sababu ya joto, na wako wakitumiao kufugia kuku au kuvulia samaki. Afadhali joto la usiku mmoja kuliko homa ya mwezi. Chandarua kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote, na tundu likionekana lishonwe siku ileile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Desturi ya tatu yahusu mtoto mchanga. Wazazi wengi humlaza kifudifudi, au humzungushia mito na mablanketi mazito kwa mapenzi. Lakini mtoto mchanga hana nguvu za kujiondolea kitu kilichomziba pua. Na alazwe chali, juu ya kitanda kigumu kidogo, bila mto, kichwa chake kikiwa wazi, ndani ya chandarua. Uingereza ilianza kuwafundisha wazazi jambo hili mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafula vya watoto waliolala vikapungua sana katika nchi hizo.

Hatari ya nne ni ya yule asiyelala. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, wataalamu wa Australia, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda wa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya kadiri ya asilimia 0.05 katika damu. Basi dereva aliyeamka saa 10 alfajiri, ifikapo saa 3 usiku huwa anaendesha kama mlevi, ingawa hajaonja tone. Kufungua dirisha na kuimba hakumponyi. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kusimamisha gari mahali pa salama na kulala. Kadhalika mlinzi na wengine wafanyao zamu ya usiku wapewe na watu wa nyumbani mahali penye giza na utulivu pa kulala mchana, wala wasiamshwe kwa mambo madogo.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Mtu akorомaye kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika kwa kitambo na kurudi kwa kishindo, asichekwe. Aende hospitali, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Vilevile aende yule akosaye usingizi siku 3 au zaidi kila juma kwa muda wa miezi 3. Lakini asinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kuambiwa na jirani, maana vingine humzoesha mtu hata asiweze kulala bila hivyo.

Kila mmoja, basi, na achague mto wake, mkeka wake na ubavu wake wa kulalia. Hayo ni yake mwenyewe. Lakini kabla ya kuzima taa usiku wa leo, mwenye nyumba na ahakikishe mambo matatu: jiko liko nje, chandarua kimechomekwa, na mtoto mchanga amelazwa chali. Mambo hayo matatu hayachukui hata dakika 5, na nyumba nzima itaamka salama.