Mtoto Anayelala Mdomo Wazi

Mama msomaji, je, umewahi kuamka usiku wa manane ukakaa kimya na kumsikiliza mwanao anavyolala? Akikoroma tunacheka, tunasema amemrithi baba yake. Akisaga meno mpaka chumba cha pili kikasikia, tunasema ana minyoo. Asubuhi tunauanika mto uliolowa mate, naye tunamtuma shule akiwa na usingizi machoni.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huku Saadani tulifanya vivyo hivyo, na hatuoni haya kulisema. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja anayekausha samaki kwa moshi alituletea mtoto wake wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alisaga meno usiku, alilala mdomo wazi na alikojoa kitandani. Tulimpa dawa ya minyoo. Baada ya miezi sita akarudi, tukampa tena. Mara ya tatu vilevile. Hatukumwambia afungue mdomo tumtazame, wala hatukumwuliza mama yake anapumuaje akilala. Kosa hilo ni letu.

Mtoto alipofika miaka saba, mama yule alitujia nyumbani jioni, kanga kichwani, sauti chini. "Sista," alisema, "mama mkwe ameshaelewana na fundi. Keshokutwa wanamkata kimeo."

Tulimwomba atupe usiku mmoja tu. Tukaenda kwake, tukakaa karibu na kitanda, na bibi wa mtoto alikaa nasi. Mtoto alikoroma, kifua kikibonyea kila alipovuta pumzi. Kisha kukawa kimya. Tulihesabu mpaka kumi na mbili ndipo aliposhtuka, akavuta hewa kwa kishindo, akasaga meno na kugeuka upande wa pili, jasho likimtoka. Mambo yalikuwa hayo hayo mpaka alfajiri. Bibi ndiye aliyesema kwanza: "Huyu mtoto anakabwa."

Alikuwa anakabwa kweli, lakini si na jinamizi wala kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kila binadamu anacho, na kukikata hakuponyi kikohozi wala kukoroma. Watoto huletwa hospitali wakivuja damu baada ya kukatwa, au wakiwa na usaha, hata pepopunda. Kisu hicho hicho kikipita kwa watoto kadhaa kinaweza kuwaambukiza virusi vya UKIMWI. (Na wale wanaong'oa "meno ya plastiki" kwenye fizi za watoto wachanga, hilo tutaliandikia siku yake, leo tuseme tu kwamba wanaharibu mbegu za meno ya kudumu.)

Mara nyingi kinachoziba njia ni nyama zilizoko nyuma ya pua, au mafindofindo yaliyovimba kooni. Nyama za pua kila mtoto huzaliwa nazo. Hukua sana kati ya miaka mitatu na saba, kisha hupungua kadiri anavyokua. Kwa baadhi ya watoto hujaa mno, hasa pua ikisumbuliwa na vumbi, mafua yasiyoisha au moshi wa kuni. Mtoto akikosa njia ya pua hupumua kwa mdomo.

Hapo ndipo taya linapoingia. Mdomo ukiwa umefungwa, ulimi hukaa juu na kuliegemea kaakaa, nalo hutanuka likiufuata. Mdomo ukiwa wazi mchana na usiku, ulimi hushuka na mashavu hubana kutoka pembeni. Kaakaa huwa jembamba na la juu kama paa la kanisa, meno hukosa nafasi na kupandana, na uso hurefuka. Kaakaa ndilo sakafu ya pua, kwa hiyo likiwa jembamba pua nayo inabanwa. Shida moja inazaa nyingine.

Wapo pia wanaozaliwa na taya dogo. Mwaka 1923 daktari Mfaransa, Pierre Robin, aliandika juu ya vichanga ambao taya lao la chini ni dogo hata ulimi unaangukia nyuma na kuwaziba. Ukimwona mwanao mchanga ana kidevu kilichoingia ndani na anakabwa akinyonya, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mtoto wetu. Kutoka Saadani hadi Dar es Salaam si safari ya mchezo, hasa masika, na nauli ilichangwa. Alipata rufaa, akaonwa na daktari wa masikio, pua na koo, nyama zikatolewa. Kukoroma kuliisha. Lakini meno ya juu ya upande wa kushoto yaliuma ndani ya yale ya chini, na daktari wa kupanga meno akamwekea kifaa cha kupanua kaakaa. Katikati yake kuna skrubu ndogo. Mama alifundishwa kuizungusha kwa ufunguo mwembamba, kila zungusho kama robo milimita.

Baada ya siku chache meno mawili ya mbele yakaachana. Majirani wakasema wazungu wamemharibu mtoto! Ndivyo inavyotakiwa kuwa: mfupa umefunguka, na mwanya hujifunga wenyewe pole pole. Zungusho ziliisha baada ya wiki tatu, kifaa kikabaki mdomoni miezi sita ili mfupa ujae.

Kazi hii ni rahisi utotoni, kabla mfupa wa kaakaa haujaungana. Mtu mzima huenda akahitaji upasuaji. Tena si kila anayekoroma anahitaji kifaa, na kifaa peke yake hakiondoi nyama za pua. Gharama si ndogo, basi uliza mapema, na uulize bima yako kama unayo.

Kusaga meno peke yake kusikutishe. Watoto wengi huacha meno ya kudumu yakishaota. Lakini mtoto akisaga na kukoroma karibu kila usiku, akinyamaza kupumua, akitoka jasho, akikojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au akisinzia darasani, mpeleke. Shika kioo kidogo chini ya pua yake akiwa amefunga mdomo, uone kama mvuke unatokea pande zote mbili. Hilo pia mweleze daktari.

Kijana wetu sasa analala kimya, mama yake anasema mpaka wakati mwingine anaamka kumgusa. Bibi naye wiki iliyopita alikuja amemshika mkono mjukuu wa jirani. "Huyu naye," alisema, "mwangalieni puani."